Karatasi Mfukoni mwa Sare

Haya, ingieni mtegoni. Nina chumba kisicho na mlango wala paa. Mwenyewe hutembea nacho kutwa, jioni hukitundika ukutani, na siku akikileta kwangu, mimi ndiye wa kwanza kuingia ndani. Chumba gani hicho?

Naona mnatazamana. Huyu kasema kobe. Kobe gani mnamtundika ukutani, jamani? Basi nipeni mji, hata mdogo, ilimradi una maji ya bomba, nipumzike huko kidogo kabla sijawaambia. Ni mfuko. Mfuko wa suruali, wa koti, wa shati. Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kutia mikono katika mifuko ya watu, na sikuwa mwizi. Nilikuwa dobi.

Kiwanda chetu cha kufulia kilikuwa na kuta za vigae vyeupe na sakafu isiyokauka. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, na msimamizi mmoja aliyevaa viatu vya mpira mwaka mzima. Tulifua mashuka ya hospitali, mapazia ya nyumba za wageni, na kila Alhamisi sare za kampuni ya ulinzi, za buluu, kila moja na namba imeshonwa kwenye ukosi. Kabla nguo haijaingia mashine, mtu anapekua mifuko. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nimetoa humo tiketi, dawa, barua za mapenzi, na siku moja meno ya bandia yakinichekea.

Kanuni ilikuwa moja. Unachokikuta unakitoa, unakikausha, unakirudisha palepale. Hukuona, hukusoma. Msimamizi aliisema kanuni hiyo kama dua ya kufungulia kazi. Miaka ya nyuma, dobi mmoja alisoma barua ya mteja akaenda kumwambia mke wa mteja.

"Nyumba ikavunjika," alikuwa akisimulia msimamizi, "na sisi tukapoteza mashuka ya hoteli nzima."

Hatukujua ni kipi kati ya hivyo kilichomuuma zaidi.

Baada ya mifuko nilikwenda kwenye kukunja. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili, kila mmoja na pembe zake mbili, mnalivuta mpaka makunyanzi yaishe, kisha mnatembea mkutane katikati. Mmoja anakabidhi pembe, anainama kuokota mkunjo, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na mwenzake wa shuka. Mazungumzo yenu yanakatwa vipande: unauliza mkikutana, unajibiwa shuka linalofuata. Mkilifanya hilo kwa miaka kumi na moja, mnajuana mpaka harufu ya sabuni ya kuogea.

Mwenzangu wa shuka alikuwa Twiga. Jina alipewa kwa urefu wake, naye hakulichukia. Alisema afadhali twiga kuliko wale waliokuwa wakimwita ngazi. Mimi waliniita Bi Tega, kwa ajili ya vitendawili vyangu. Twiga alikuwa na watoto wawili, binti na mvulana. Mvulana, tangu anaanza kutamka, aliitwa Kasuku. Alikuwa na maneno yule! Alipokua akaajiriwa na hiyo kampuni ya ulinzi, alikuwa akipita kiwandani kumchukua mama yake, anasimama mlangoni na kelele zake, "Mama mdogo, nitegee kimoja!" Namtegea, anakosea makusudi, anajibu upuuzi mpaka wanawake wanaacha kazi kwa kucheka na msimamizi anakuja kumfukuza na ndoo.

Nawaambieni mapema ili msije mkanidai baadaye: huyu Kasuku ndiye aliyeua watu tisa.

*

Jumatatu ile, saa tano asubuhi, tulikuwa na mashuka ya wodi ya wazazi. Mwanamke wa pasi alipigiwa simu na dada yake. Akatega sikio, akaishusha pasi vibaya, shati likaungua. Kumbe kuna mtu anapiga risasi katika ofisi ya vyeti, kule mjini, kwenye ukumbi wa foleni.

Msimamizi akazima mashine. Zilinyamaza moja moja, na ile ya mwisho, iliyokuwa mbovu, ikatetema peke yake muda mrefu.

"Kasuku analinda pale," Twiga akasema. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Sisi tukamzunguka, kila mmoja na lake la kumtuliza. Baada ya robo saa tukasikia kwamba imekwisha, na kwamba walinzi wawili wa mlango wa nyuma wako hai. Twiga akashusha pumzi, akafuta macho kwa pembe ya shuka.

"Basi mmoja wao ni yeye, yuko salama," akasema. "Jioni mtamsikia. Mnamjua, risasi moja atawasimulia kumi."

Hakuna hata mmoja wetu aliyelisahau neno lile. Nalifikiria ninapoona watu wanasema walijua, waliona, walihisi. Mama mzazi wa mtu, dakika kumi kabla hajaambiwa, alikuwa anangoja kucheka.

Wale tisa nawakumbuka kwa walichofuata pale. Baba mmoja alifuata cheti cha mtoto aliyezaliwa wiki ileile. Ndugu wawili wa kike walifuata cheti cha kifo cha mama yao. Bibi harusi mtarajiwa. Mzee aliyekuwa akibishana na serikali mwaka wa tatu kuhusu tarehe yake ya kuzaliwa. Kijana wa chuo na mjomba wake. Karani aliyekuwa akiwaazima watu kalamu yake, na karani wa pembeni yake. Kasuku mwenyewe aliuawa na askari palepale mlangoni.

*

Lakini nimeruka. Nirudi Alhamisi tatu nyuma.

Namba arobaini na moja ilikuwa ya Kasuku. Niliijua kama ninavyojua hodi ya mtu wa nyumbani. Katika mfuko wa kifuani wa sare ile nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama kibiriti, imelowa jasho. Nikaikunjua, nikaiweka chini ya kitambaa, nikaipitishia pasi ya uvuguvugu. Ilipokauka, maandishi yakajitokeza. Kanuni inasema hukusoma. Lakini jicho halina kifungo, na ilikuwa mistari minne tu, mwandiko mkubwa wa mtu aliyejitahidi.

Ilikuwa barua kwa meneja wa kampuni. Kasuku aliomba aondolewe kwenye lindo la bunduki, apewe geti lisilo na silaha, popote, hata mbali. Aliandika kwamba ni mwezi wa nne halali usingizi wa maana. Mstari wa mwisho ulisema: *Naogopa mikono yangu.* Chini yake, kwa wino wa zambarau, palipigwa muhuri: IMEPOKELEWA. Na tarehe, ya siku kumi na mbili kabla.

Nilisimama pale na ile karatasi yenye joto. Hatua nne kutoka kwangu, Twiga alikuwa amekwisha chukua pembe zake, ananisubiri, anacheka jambo na mwanamke wa pasi.

Nikaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa. Nikairudisha mfukoni sare ilipotoka kufuliwa. Nikafunga kifungo.

Sitasema ni kanuni peke yake iliyonifunga mdomo. Ni ule muhuri. Ninyi mmesoma, mkiuona muhuri mnauliza umepigwa na nani, kwa nini. Mimi nimeishia darasa la saba. Mtu kama mimi akiona muhuri, moyo unatulia. Nilijiambia: basi limefika kwa wakubwa, wamelipokea, watalishughulikia, mimi nani wa kumwaga siri ya mtoto mbele ya mama yake? Nikaenda nikashika shuka. Twiga akaniuliza mbona nimechelewa. Nikamjibu shuka lililofuata kwamba pasi ilikuwa ya moto mno.

*

Kufikia Jumatano, Kasuku alikuwa amegeuka kuwa mkimya.

Ndivyo redio ilivyosema: kijana mkimya, mpweke, asiyechangamana na watu. Nilitazama kile kiredio cha jikoni kwangu kama mtu aliyetukanwa. Mtu ameitwa Kasuku tangu anaota meno! Lakini jirani mmoja alihojiwa akasema alikuwa mkimya, wa pili naye akasema hivyohivyo, na kufikia Ijumaa hata mwanamke wa pasi, aliyekuwa akimwagiwa upuuzi wake kila jioni, akaniambia, "Unajua, ukifikiria vizuri, alikuwa na ukimya fulani."

"Ukimya gani?"

"Wa ndani."

Kila mtu alikuja na sababu yake, na kila mtu aliondoka na ileile aliyokuja nayo. Fundi viatu wa kona yetu alisema ni filamu. Mwalimu mstaafu alisema ni kwa sababu fimbo zimeondolewa shuleni. Na Kasuku alichapwa shuleni mpaka viboko vikazoeana naye. Mhubiri alisema ni kukosa maombi. Vijana wa kijiweni walisema ni msichana, na msichana akatafutwa akapatikana, wakampiga picha akitupa taka. Mtaalamu wa redioni, mwenye sauti nzuri ya kulaza watoto, alisema tatizo ni baba asiyewajibika. Baba yake Kasuku alikufa mtoto ana miaka minne. Kana kwamba marehemu alitoroka.

Wengine walisema bunduki ziondolewe milangoni. Wengine walisema ziongezwe, na hao ndio waliosikilizwa: ofisi ya vyeti ilipofunguliwa tena, palipokuwa na bunduki moja pakawa na mbili. Siku ya saba tuliambiwa nchi nzima isimame kimya dakika moja. Tulisimama na nguo zinachuruzika mikononi. Dakika ilipokwisha, wabishi wakaendelea walipoishia.

Sikuwa na ubishi na mtu. Nilikuwa nimechoka uchovu usio wa mgongo. Kila sababu iliyotajwa niliipima kimya kimya na ile mistari minne, na hakuna iliyoenea. Nilitaka kuwaambia: aliomba geti. Aliomba geti tu.

Na meneja wa kampuni, akihojiwa, akasema hawakuwahi kupokea lalamiko lolote.

*

Twiga alirudi kazini wiki ya nne. Msimamizi alikuwa amemwambia akae nyumbani mpaka mambo yapoe, akajibu kwamba nyumbani ndiko kunakochemka. Dirisha lake lilikuwa limevunjwa. Mtu alikuwa ameandika neno mlangoni, na binti yake analifuta na linarudi.

Alivaa aproni, akaokota shuka kwenye rundo, akasimama mahali pake. Hakuna aliyesogea. Wanawake wote kumi waliona kazi ghafla upande wa pili wa ukumbi. Mmoja wao alikuwa amemzika binamu yake, simlaumu. Twiga akangoja kidogo. Kisha akaanza kulikunja peke yake: akabana ukingo kwa kidevu, akanyoosha mikono yake mirefu, shuka likaburuta kwenye sakafu yenye maji. Akaanza upya. Likaburuta tena.

Nikaacha mifuko yangu, nikaenda nikashika pembe.

Mchana ule msimamizi alinivuta pembeni. "Una moyo, Bi Tega," akasema. Hata wale waliokataa walisema hivyo, kwa minong'ono: yule bibi ana moyo. Watu wakaanza kunisalimia kwa heshima mpya. Sikuwa na moyo wowote. Nilikuwa na karatasi.

Tulikunja miezi mitatu bila kuzungumza chochote cha maana. Baridi leo. Ndiyo. Hili lina doa. Lirudishe. Mara nyingi tulipokutana katikati, uso wake juu, wangu chini, nilifungua mdomo. Nikaona macho yake yalivyo mekundu, nikasema, "Vuta kwako kidogo."

*

Tume iliundwa. Ilikaa katika bwalo la shule, viti vya plastiki, feni mbili, moja inazunguka. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mpole, anayekunywa maji kidogo kidogo kama ndege. Mtu yeyote mwenye la kusema alikaribishwa. Walikuja wenye sababu zao zote, fundi viatu akiwamo, na alivaa tai.

Siku ya tatu akaitwa meneja wa ulinzi. Alileta faili. "Faili la kijana huyu ni safi, mheshimiwa," akasema, akalipiga kofi. "Hakuwahi kulalamika hata siku moja." Nimefua nguo miaka mingi. Mtu anayekuambia kitu ni safi bila kukigeuza upande wa pili, namjua.

Msimamizi wangu alikuwa ameketi karibu nami. Alikuwa amekwisha niona nakaa ukingoni mwa kiti. "Bi Tega," akanong'ona, "zile sare zikiondoka, kuna wanawake wanakwenda nyumbani. Fikiria." Nilifikiria. Nikasimama.

Nilikuwa shahidi wa kumi na nne. Niliwaambia habari ya karatasi, mistari yote minne, na muhuri, na rangi ya wino. Hata feni mbovu nadhani ilisikiliza.

"Karatasi hiyo iko wapi, bibi?" akauliza mwenyekiti.

"Niliirudisha mfukoni."

"Unayo nakala?"

"Mimi nina pasi, mheshimiwa. Sina mashine ya nakala."

Watu wakacheka, cheko la watu waliokaa na huzuni muda mrefu, linalotoka kwa makosa. Meneja akacheka zaidi ya wote.

"Kiwango chako cha elimu?"

"Darasa la saba."

"Na una hakika ulisoma sawasawa?"

"Ilikuwa mistari minne, mheshimiwa. Hata darasa la pili wangeimaliza."

Akaandika. Kisha akauliza, kwa upole uleule, swali nililokuwa nalikimbia tangu Jumatatu ile. "Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

Twiga alikuwa mstari wa tatu. Ndipo alipojua. Sikumwambia kwanza yeye, pembeni, kama binadamu. Nilimwambia pamoja na nchi nzima, kwenye kipaza sauti. Hilo mpaka leo silipatii jina. Nilimtazama. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake juu ya magoti.

Mwenyekiti akamgeukia. "Mama wa marehemu yupo? Samahani, mama, simama kidogo. Mwanao aliwahi kukueleza kwamba anaiogopa bunduki aliyopewa?"

Twiga akasimama. Kwa urefu ule, hata aliyekuwa nyuma kabisa alimwona. Akafungua mdomo. Nyuma akasikika mwanamume mmoja, baba wa yule bibi harusi mtarajiwa, "Aseme! Aseme alimlea vipi!" Mwingine akamjibu amwache mama wa watu. Kiti kikaanguka. Katika dakika moja bwalo zima lilikuwa limesimama, kila mtu anapiga kelele kwa mtu, na mwenyekiti anagonga meza kwa bilauri. Kikao kikaahirishwa. Kesho yake wakaitwa wataalamu, na keshokutwa wataalamu wengine. Twiga hakuitwa tena.

Redio ikasema mama wa muuaji alikataa kujibu. Mimi niliamini jambo jingine. Niliamini mtoto hakuwa amemwambia lolote, na kwamba Twiga alisita ili asinifedheheshe, kwa sababu kusema "mimi sikuambiwa" kungekuwa kuninyooshea kidole mimi niliyejua.

Asubuhi alikuja kazini, akashika pembe zake. Tulipokutana katikati nikamwambia, "Nisamehe, mwenzangu."

Akarudi nyuma na shuka lake. "Vuta," akasema. "Limekunjamana."

Ripoti ya tume ilitoka mwaka uliofuata, kurasa mia mbili na kitu. Mimi nimo ukurasa wa themanini na tatu, mistari miwili: shahidi mmoja, mfanyakazi wa kufulia, *alidai* kuona barua. Kampuni iliondoa sare zake. Wanawake wawili wakaenda nyumbani, na mmoja wao mpaka leo tukikutana njiani hutazama miti.

*

Imepita miaka kumi na nne. Kiwanda kimefungwa. Twiga anaishi kwa binti yake, nami huenda kumwona kila Jumatano, magoti yakikubali. Tumezeeka namna mbalimbali: mimi nimenenepa, yeye amekauka. Mgongo wake mrefu haukunjiki tena, hafikii miguu yake mwenyewe, basi kucha zake namkata mimi.

Katika miaka hiyo kuna kitu kimoja ambacho sikukiacha. Kila nikipata nafasi ya kukaa kimya, naicheza upya ile Alhamisi. Naikausha karatasi, siirudishi mfukoni. Nakwenda hatua nne, naiweka mkononi mwa Twiga. Anaisoma. Anavua aproni. Anakwenda kwenye ile kampuni, anainama mlangoni kwa urefu wake, anamvuta mwanawe sikio mpaka nyumbani. Na Jumatatu, baba yule anapata cheti cha mtoto wake. Mzee anashinda kesi ya tarehe. Wanatoka nje tisa wote, wanakunja makaratasi yao, wanatafuta usafiri. Nimewatoa ukumbini namna hiyo mara elfu.

Nilimwambia Twiga hilo kila mwaka, siku yenyewe ikifika. "Ningekwambia Alhamisi ile." Hakuwahi kunijibu. Alisema maji ya chai yamechemka, au mvua inakuja.

Jumatano iliyopita nilikuwa nimemwekea miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kucha zilainike. Binti yake alikuwa amekwenda sokoni. Redio ilikuwa inazungumza peke yake dirishani, na ghafla ikaacha muziki. Mahali fulani, mbali na sisi, mtu ameingia katika ukumbi wa mkutano. Kumi na mmoja. Baada ya habari wakamleta mtaalamu, si yule wa zamani, mwingine, lakini sauti ni zile zile za kulaza watoto.

"Majirani wanasema," akasema mtangazaji, "alikuwa kijana mkimya."

"Wamepata mkimya mwingine," Twiga akasema.

Nikainua mguu wake wa kulia, nikaufuta, nikauweka juu ya paja langu. Redioni walikuwa wamekwisha ingia kwenye sababu. Mmoja alisema simu za mkononi. Mmoja alisema malezi. Mwanamke mmoja akapiga simu kutoka nyumbani kwake, analia, hawajui hata wale waliokufa, anauliza tu: dalili lazima zilikuwepo, mama yake alikuwa wapi?

"Nizime?" nikauliza.

"Acha."

Nilikata kucha ya kidole gumba. Ilikuwa ngumu kama pembe, ikaruka ikagonga beseni. Nikasema, bila kupanga, kwa sababu ndivyo ninavyosema, "Ningekwambia tu Alhamisi ile, mwenzangu."

Safari hii hakutaja chai wala mvua. Aliutoa mguu wake mapajani mwangu, akaurudisha majini polepole, akawa anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Bi Tega," akasema. "Yule mwenyekiti aliniuliza swali."

"Lile la bunduki."

"Lile."

Nikaweka mkasi chini. Redioni walikwenda kwenye matangazo, mtu anaimba habari ya sabuni.

"Wewe umejiua miaka yote hii kwamba hukuniambia," akasema. "Nami nikakuacha. Nilikuona unavyohangaika, nikakuacha, kwa sababu ilikuwa inanipumzisha. Aliniambia, Bi Tega. Mara ya kwanza nilicheka, unamjua alivyokuwa na maneno. Mara ya pili nikamwambia aandike barua, wakubwa watasoma. Mara ya tatu alikuja nayo, amekwisha gongewa muhuri, siku tatu kabla hujaikuta wewe. Akakaa pale jikoni hajavua hata viatu, akaniuliza, mama, sasa nifanye nini?"

Maji yalikuwa yamepoa. Hakuutoa mguu.

"Nikamwambia vumilia, baba. Wenzio wanaitafuta kazi hiyo, hawaipati."